Cheti Mkononi, Bastola Garini: Sheria ya Silaha Katika Bewa la Chuo Kikuu

Swali linaloshughulikiwa na makala haya ni jepesi kulitamka lakini si jepesi kulijibu: je, mtu mwenye cheti halali cha silaha anaruhusiwa na sheria ya Kenya kuiacha bastola yake ndani ya gari alilolisimamisha katika bewa la chuo kikuu? Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa wanaohusika aghalabu ni watu wa heshima: wahadhiri, wakandarasi, mawakili wanaokuja kufundisha jioni, na wazazi wanaowaleta watoto wao muhula unapoanza. Jibu linalotolewa mara nyingi ni moja: "Nina cheti." Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo, ingawa ni la kweli, ni jibu la swali jingine.

Chukulia mhadhiri wa kubuni, mkaazi wa Rabai. Shamba lake ni la minazi na mikorosho, alilorithi kwa marehemu babake, na mipaka yake ina mgogoro. Katika Kaunti ya Kilifi, si jambo geni mwenye shamba na mvi zake kuitwa mchawi. Wazee wengi wameuawa kwa shutuma hizo, na mara nyingi nyuma ya shutuma huwapo ardhi. Mhadhiri huyu alitishwa, akaripoti kwa polisi, akaomba silaha kwa njia inayostahili, akachunguzwa na kupewa cheti. Siku za kufundisha hutoka nyumbani kabla ya alfajiri, hupita Kaloleni, huteremkia Mavueni, na kabla ya saa mbili yuko langoni pa chuo mjini Kilifi. Barabara ni ndefu na sehemu nyingine ni kimya, kwa hiyo bastola anayo. Afikapo maegeshoni huifungia ndani ya kisanduku cha dashibodi, hufunga gari, na kwenda darasani. Haioni haja ya kumwambia mtu yeyote. Je, amekosa?

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya. Ilitungwa mwaka 1953, nchi ikiwa chini ya Hali ya Hatari, na ikaanza kutumika mwaka 1954. Mazingira ya kuzaliwa kwake hayapaswi kusahauliwa. Haikutungwa na watu waliokuwa wakitafakari haki ya raia kujilinda. Ilitungwa na serikali ya kikoloni iliyotaka kujua kila mtutu uko wapi na uko mikononi mwa nani. Imefanyiwa marekebisho mengi tangu wakati huo, lakini mantiki yake haijabadilika: silaha imekatazwa kwa watu wote, kisha cheti humwondolea mtu mmoja marufuku hiyo, kwa silaha iliyotajwa, kwa idadi ya risasi iliyotajwa, na kwa masharti yaliyoandikwa. Mwombaji hutakiwa kuwa na sababu nzuri, na mamlaka hutakiwa kuridhika kwamba kuwa kwake na silaha hakuhatarishi usalama wa umma wala amani. Mlevi wa kupindukia na asiye na akili timamu hawapewi. Anayepewa hupewa kwa muda, na anaweza kunyang'anywa.

Kwamba cheti si milki ya kudumu kulidhihirika Desemba 2018, pale Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, alipoamuru raia wote wenye silaha wajitokeze upya mbele ya Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha ili wakaguliwe. Watu waliokuwa na vyeti kwa miaka mingi walijikuta wakieleza tena, kama waombaji wapya, kwa nini wanahitaji bastola. Hilo lisingewezekana mahali ambapo silaha ni haki ya raia. Katiba ya Kenya ya 2010 ina sura ndefu ya haki za kimsingi. Haki ya kubeba silaha haimo.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na kwa wasomaji wa jarida hili huenda ndipo palipo na uzito. Sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, na dhana yake kuu ni ile ya mtu "kuwa na" silaha. Katika magazeti na taarifa za habari za Kiswahili dhana hiyo imezoeleka kutafsiriwa kwa kitenzi "kumiliki": mshukiwa alipatikana "akimiliki bunduki kinyume cha sheria." Tafsiri hiyo inapotosha. Kumiliki ni kuwa mwenye mali. Mwizi aliyeiba bastola jana haimiliki, lakini anayo, na ni kule kuwa nayo kunakomfikisha kizimbani. Kinyume chake, mwenye bastola aliyeiacha garini akaenda kufundisha bado anaimiliki. Swali la sheria ni kama bado anayo, na kama kuna mwingine ambaye sasa anayo pasipo kujua.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inalijibu swali hilo kwa upana unaowashangaza wengi. Mtu huhesabiwa kuwa na kitu si pale tu anapokishika mkononi au kukitia mfukoni. Huhesabiwa kuwa nacho pia akijua kwamba kiko chini ya uangalizi wa mtu mwingine, au akikiweka mahali popote, pawe pake au pasiwe pake, kwa matumizi yake au ya mwenzake. Zaidi ya hayo, watu wawili au zaidi wakiwa pamoja na mmoja wao ana kitu hicho kwa ujuzi na ridhaa ya wengine, wote huhesabiwa kuwa nacho. Kwa hiyo, mhadhiri wetu akiwa amesimama mbele ya ubao akieleza fonimu, machoni pa sheria bastola anayo bado. Hawezi kusema kwamba hakuingia nayo chuoni kwa sababu haikuvuka mlango wa darasa. Na mwanafunzi aliyepewa lifti kutoka Rabai, ambaye ameonyeshwa bastola hiyo njiani na akaridhia safari iendelee, hayuko mbali na shutuma kama anavyodhani. Cheti cha mwenye gari ni kinga ya mwenye gari.

Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo laiti vingetumiwa kwa uangalifu vingelimaliza nusu ya mjadala huu: kuhifadhi, kuweka na kuacha. Kuhifadhi kumebeba maana ya ulinzi. Kinachohifadhiwa kina mlinzi, mtu au chombo. Kuweka hakusemi lolote kuhusu ulinzi. Kuacha ni kuweka na kuondoka. Sheria ya Silaha inamtaka mwenye cheti aihifadhi silaha na risasi zake salama wakati wote, na achukue hadhari ili visipotee, visiibwe, wala visimfikie mtu asiye na idhini. Mwenye bastola husema "nimeihifadhi garini." Ukweli wa mambo ni kwamba ameiacha garini.

Gari si kasha. Kioo chake huvunjwa kwa jiwe, kisanduku cha dashibodi hufunguliwa kwa bisibisi, na gari lenyewe linaweza kuvutwa likaondoka na vyote vilivyomo. Maegesho ya chuo hayana siri: mamia ya watu hupita hapo kila saa, na mwenye gari huonekana akiinama kwenye dashibodi kila asubuhi kwa namna ile ile. Kwa hali ya Pwani, kuna pia joto la gari lililofungwa juani na unyevunyevu wa bahari unaokula chuma. Hayo ya kutu ni madogo, lakini mtu anayedai kwamba amehifadhi angeyafikiria.

Hatari iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, haitoki kwa mwizi bali kwa watu wa nyumbani. Gari katika jamii zetu ni la ukoo. Mpwa huja na kusema, "Mjomba, nipe gari mara moja nipeleke nazi Mazeras," naye mjomba, akiwa na mitihani ya kusahihisha, humrushia ufunguo. Gari hupelekwa kwa fundi na kulala huko. Huoshwa na vijana kando ya barabara, ambao kazi yao ni kufungua kila kisanduku na kupangusa vumbi. Katika kila tukio kati ya hayo, bastola iliyosahauliwa ndani ya dashibodi imehamia kwa mtu asiye na cheti. Mpwa akisimamishwa na polisi, askari ana mamlaka ya kumtaka aonyeshe cheti papo hapo, na asipokuwa nacho silaha hutwaliwa. Kijana atajitetea kwamba hakujua, na huenda mahakama ikamsadiki, kwa kuwa ujuzi ni sehemu ya kosa. Lakini hilo litaamuliwa baada ya kukamatwa, kunyimwa au kupewa dhamana, na kuuza mbuzi kadhaa kumlipa wakili. Adhabu ya kupatikana na silaha bila cheti ni kifungo cha miaka, si faini ya kulipwa kaunta na kusahauliwa. Naye mjomba atakuwa na lake la kujibu: kwamba hakuihifadhi.

Kufikia hapa imezungumziwa silaha na gari. Imebaki ardhi, na ardhi ndiyo inayotofautisha swali la chuo na swali la barabarani.

Sheria ya Silaha haikitaji chuo kikuu kuwa mahali maalumu pasipoingizwa silaha. Baadhi ya watu hulichukulia jambo hilo kuwa ruhusa. Hoja hiyo haisimami. Cheti ni neno baina ya mwenye silaha na serikali: serikali inaahidi kutomshtaki kwa kuwa nayo, maadamu anatimiza masharti. Hakimlazimishi mtu mwingine yeyote kumpokea mwenye silaha hiyo katika eneo lake. Chuo, kwa kuwa ndicho kinachoshika ardhi na majengo yake, kina uwezo wa kutoa kanuni kuhusu nani aingie na aingie na nini. Mfanyakazi hufungwa na kanuni hizo kwa mkataba wake wa ajira, mwanafunzi kwa ile fomu aliyoitia sahihi siku ya kusajiliwa (na ambayo wachache huisoma), na mgeni kwa masharti anayoambiwa langoni. Anayeingia kwa kukiuka masharti hayo anaweza kuondolewa, na akikaidi, Sheria ya Kuingia Ardhini Bila Idhini, Sura ya 294, ipo. Kwa hiyo, mhadhiri wetu anaweza kuwa hana kosa lolote la jinai na bado akapoteza kazi yake kihalali.

Mtu wa Rabai hapaswi kulishangaa jambo hili, kwa kuwa analo mlangoni pake. Misitu ya kaya za Rabai, yaani Mudzimuvya, Bomu na Fimboni, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Mtafiti anaweza kuja na kibali cha serikali kilichopigwa mihuri mitatu. Bado wazee wa kaya ndio wanaosema aingie kwa njia ipi, kwa vazi gani, na nini kibaki nje. Kibali cha Nairobi hakijawahi kuwa badala ya kauli ya wazee. Si kwamba Rabai haijui thamani ya karatasi: tarehe 1 Januari 1889, zaidi ya watoro 1,400 waliokuwa wamekimbilia misheni za huku walipata hati za uhuru baada ya fidia kulipwa kwa waliodai kuwamiliki, na karatasi hiyo ilitenganisha uhai na utumwa. Karatasi ina nguvu katika lile iliyoandikiwa.

Wapo wanaoleta mfano wa Marekani, hasa waliokwisha kusoma huko, na mfano huo unafaa kuguswa kidogo kwa sababu unathibitisha kinyume cha wanachotaka kuthibitisha. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo la Kentucky iliamua kwa upande wa mfanyakazi aliyekuwa amefutwa kazi na Chuo Kikuu cha Kentucky kwa kuweka bastola yenye leseni ndani ya gari lake chuoni. Huko Florida, mwaka 2013, mahakama ya rufani ilikizuia Chuo Kikuu cha North Florida kuwapiga marufuku wanafunzi kuweka silaha magarini. Kesi hizo zilishinda kwa sababu mabunge ya majimbo hayo yalikuwa yametunga sheria zinazohusu silaha ndani ya gari, na juu ya sheria hizo kuna katiba inayotaja silaha kuwa haki. Ondoa nguzo hizo mbili, na hoja yote inaanguka. Kenya haina hata moja kati yake.

Yamkini kuna atakayesema kwamba baada ya Garissa, bastola ya mhadhiri ni bora kuliko mikono mitupu. Kauli hiyo haiwezi kupuuzwa. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Aidha, raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa waliosaidia kuwaokoa watu katika jumba la Westgate mwaka 2013. Lakini waliosaidia Westgate walikuwa na silaha zao viunoni. Bastola iliyofungiwa dashibodini, umbali wa majengo mawili kutoka darasani, haimwokoi mtu yeyote. Inabaki na hatari zake zote bila faida yake hata moja.

Tena kuna tukio jingine la mwezi huo huo ambalo halitajwi sana. Siku kumi baada ya Garissa, transfoma ya umeme ililipuka katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa. Wakaruka kutoka madirishani gizani, mmoja akafariki na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Novemba mwaka huo huo, katika Chuo Kikuu cha Strathmore, mazoezi ya usalama yaliyoambatana na milio ya risasi yaliwafanya watu waruke kutoka ghorofani, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Katika matukio hayo mawili hakukuwa na gaidi hata mmoja. Anayefikiria bastola yake ikifyatuka kwa bahati mbaya maegeshoni, saa nne asubuhi, mihadhara ikiendelea, na afikirie pia ngazi na madirisha ya jengo lililo karibu.

Sasa, afanye nini mwenye cheti anayefika langoni nayo? Mlinzi anamsalimu kwa adabu, "Shikamoo, Mwalimu. Kuna silaha ndani ya gari?" Kukana ni uongo ambao utamgharimu baadaye, kwa sababu kanuni za kazi huadhibu uongo kuliko silaha. Kumkabidhi mlinzi bastola amshikie hadi jioni ni kosa kubwa zaidi, ingawa hufanywa kwa nia njema: mlinzi wa lango hana cheti cha silaha hiyo, na kumpa ni kumwingiza katika kosa pamoja na mpaji. Sheria ya Udhibiti wa Walinzi Binafsi ya 2016 inampa mlinzi uwezo wa kumtaka anayeingia ajitambulishe. Haikumfanya ghala la silaha. Aidha, mlinzi si askari polisi, na hana mamlaka ya polisi juu ya silaha ya mtu. Anachoweza ni kutofungua lango.

Kinachobaki kwa mwenye silaha ni mambo yanayofanywa kabla ya siku hiyo: kuiuliza ofisi ya usalama ya chuo kwa maandishi na kupata jibu la maandishi, kujenga kasha la chuma lililofungwa ukutani nyumbani Rabai na kuiacha humo siku za kufundisha, na ikiwa barabara kweli ni ya hatari kiasi hicho, kwenda kituo cha polisi kuuliza mapema utaratibu wa kuitunza silaha mwisho wa safari. Ikumbukwe kwamba polisi wanaosomea shahada vyuoni nao hawako nje ya suala hili. Sheria inawaondolea sharti la cheti wanapokuwa na silaha kwa kazi yao, si wanapokuja kusikiliza mhadhara wa isimujamii.

Limesalia la mabango. Mengi ya yale yanayokataza silaha kwenye malango ya taasisi zetu yameandikwa kwa Kiingereza, kwa maneno mawili matatu, ilhali Katiba katika Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena mojawapo ya lugha rasmi. Ufupi wa bango la Kiingereza ndio unaompa mwenye cheti nafasi ya kudhani kwamba halimhusu, kwa kuwa yeye si jambazi, na kwamba gari si yeye. Chama cha Kiswahili katika chuo chochote kinaweza kuipelekea ofisi ya usalama maneno haya, nayo yakatosha kwa ubao wa mita moja: "Hairuhusiwi kuingia na silaha katika bewa hili, hata kama una cheti, hata ikibaki garini."